Kompyuta Imekataa Kuwaka Baada ya Kuweka Mfumo Mpya? Usikubali Ifomatiwe

Leo nina neno na mafundi wa kompyuta wa hapa mjini, na zaidi nina neno nanyi mnaowapelekea mashine.

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ufike kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, simu yangu haipumziki. Wengi wanaonipigia wana laptopu kuukuu, zile tunazoziita ex-UK, ambazo Windows 11 inazikataa. Kwa hivyo wanajaribu kuweka Ubuntu au Linux Mint kando ya Windows. Usakinishaji unafika mwisho vizuri, mashine inajizima na kujiwasha, halafu kioo kinabaki cheusi chenye maandishi meupe: "No bootable device". Mwenye mashine anakimbia mjini. Fundi anaitazama nusu dakika na kutoa hukumu: "Hii tunapiga formati tu." Baada ya saa moja mashine inawaka, pesa zimelipwa, na picha za harusi hazipo tena.

Mimi nasema huko si kutengeneza. Ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimegoma.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachotokea unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Kabla ya Windows au Linux kuamka, kuna programu ndogo iliyo kwenye chipu ndani ya mashine. Kazi yake ni kuuliza: mfumo uko wapi? Katika mashine za zamani programu hiyo ni BIOS, nayo husoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Katika hizo, baiti 446 tu ndizo zenye maagizo ya kuwasha. Mashine za miaka ya karibuni zina UEFI, ambayo hutafuta sehemu ndogo ya diski, mara nyingi ya megabaiti mia moja hadi mia tano, ambamo kila mfumo huacha faili yake ya kuanzishia. Umeona? Tasnifu yako, picha zako na hesabu za chama haziko hapo. Mara nyingi kinachoharibika usakinishaji unapokwenda mrama ni huo mlango mdogo. Vilivyo ndani vinabaki salama mpaka mtu avifute.

Mwaka jana dada mmoja anayesomea uzamili aliniletea laptopu yake. Alikuwa ameweka Linux Mint jioni, ikafanya kazi vizuri tu. Usiku stima ikapotea, na asubuhi mashine haikuona diski yoyote ya kuwashia. Fundi alimwambia Linux imeharibu diski, ifomatiwe irudishiwe Windows. Alikataa kwa sababu moja: ndani kulikuwa na mahojiano yake na wavuvi wa Lamu, na nakala ya mwisho nje ya mashine ilikuwa ya miezi minne nyuma.

Nilipoingia kwenye mipangilio ya mashine jambo la kwanza nililotazama ni saa. Ilisema ni Januari, ya mwaka uliopita zamani. Basi hapo mchezo uliisha. Betri kuu ya laptopu ilikuwa imekufa kitambo, na ile betri ndogo ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa na mipangilio, ilikuwa imekufa pia. Stima ilipopotea, mashine ilisahau kila kitu ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, yaani kuwasha kwa mtindo wa zamani wa BIOS. Mfumo wake ulikuwa umesakinishwa kwa UEFI. Nilibadilisha neno moja kutoka Legacy kuwa UEFI, mashine ikawaka, na wavuvi wote walikuwepo. Betri mpya tukanunua mchana huo. Linux haikuwa na hatia yoyote.

Ndiyo maana nasisitiza kusoma kioo kabla ya kugusa chochote. "No bootable device" ni tofauti kabisa na kioo cha buluu cha Windows chenye "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE". Hicho cha pili huja mara kwa mara mtu anapobadilisha mpangilio wa diski kutoka RAID kwenda AHCI ili kisakinishi cha Linux kiione. Ukirudisha ulivyokuwa, Windows huamka. Na kama umeona neno la GRUB na mshale unaopepesa, furahi, kwa maana kianzishi cha Linux kimepatikana ila kimepotea njia. Windows haimo kwenye orodha ya GRUB? Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka uiambie. Kwenye Ubuntu na ndugu zake, ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika faili ya /etc/default/grub, kisha endesha sudo update-grub. Kinyume chake pia hutokea: umeweka Windows baada ya Linux, na Linux imetoweka. Kwenye UEFI mara nyingi Windows imejipanga mbele tu, na unabadilisha mpangilio wa foleni.

(Na tafadhali, chomoa ile flashi ya usakinishaji kwanza. Msicheke, nimeshaipata ikiwa bado imechomekwa.)

Kama yote hayo yamekushinda, bado formati si hatua inayofuata. Washa Ubuntu kutoka kwenye flashi, chagua kuijaribu bila kusakinisha, fungua diski yako na nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Hata fundi asiyejua GRUB anaweza kufanya hivyo. Nikimsikia fundi anasema haiwezekani, mimi hubeba mashine yangu nikaondoka.

Kuna hali moja ambapo atakuwa anasema kweli, nayo inanitia hofu kuliko zote. Laptopu nyingi za sasa zenye Windows 11 zina diski iliyofungwa kwa BitLocker, wakati mwingine mwenyewe hana habari. Ukigusa mipangilio ya UEFI au Secure Boot, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hata Ubuntu ya kwenye flashi haitasoma faili zako. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uutafute leo, mashine ikiwa bado inawaka, na uunakili kwa kalamu kwenye daftari.