Heri Zilipokuwa Chache

Yako maneno niliyoyasikia mara tatu katika muda wa miezi michache, katika mabaraza matatu yasiyofanana: mara ya kwanza Maili Moja, Kibaha, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mara ya pili Kisarawe mjini, baada ya maziko, watu wakingoja chakula, na mara ya tatu kinywani mwa msomi mmoja mwenye shahada mbili, ambaye sikutazamia kuyasikia kwake. Maneno yenyewe ni haya: heri mashine za michezo zilipokuwa chache. Wasemao hivyo wana maana ya ile mashine iunganishwayo na televisheni, ambayo vijana wetu huiita gemu, na ambayo siku hizi haikosi katika kibanda kilicho jirani na stendi. Hudai kwamba zamani, ilipopatikana katika nyumba moja au mbili za mtaa mzima, watoto walisoma, walichota maji na kuwatii wazee wao. Na kwamba sasa, kwa kuwa kila mwenye sarafu mbili tatu mkononi aweza kucheza, adabu imetoroka.

Mimi nayapinga maneno hayo. Siyapingi kwa kuwa napenda kelele za vibanda, maana sizipendi. Wala kwa kuwa naona mchezo umekipita kitabu, maana sioni hivyo. Nayapinga kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu wayasemao hawakomei katika kusema. Wanataka amri itoke, vibanda vifungwe, na mashine zirudi zilikokuwa, yaani nyumbani kwa wenye nacho.

Tuuchunguze kwanza huo uchache, tuone ulitoka wapi. Mashine ya kwanza ya namna hii kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani iliitwa Odyssey. Aliyeibuni ni Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika ukoo wa Kiyahudi, akakimbilia Marekani mwaka 1938 pamoja na jamaa zake. Septemba 1966 aliliandika wazo lake katika kurasa nne. Miaka sita ikapita katika kuunda, kuunda upya, na kutafuta mwenye kiwanda atakayekubali, hata Septemba 1972 kampuni ya Magnavox ikaanza kuiuza kwa bei iliyokaribia dola 100. Ilikuwa mashine duni ukiitazama kwa macho ya leo. Haikuwa na sauti, wala haikujua kuhesabu magoli. Kilichoonekana katika kioo ni vidoa vyeupe na mstari mmoja, basi. Na ili vidoa hivyo vipate kuwa uwanja wa tenisi au nyumba yenye mizimu, mnunuzi alipewa vipande vya plastiki vilivyotiwa picha, avibandike juu ya kioo cha televisheni. Sandukuni mlikuwa pia na dado, karata na fedha za kuchezea, kana kwamba mtengenezaji mwenyewe hakuamini kuwa umeme peke yake utatosha kumfurahisha mtu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wapenda uchache hawalisemi. Odyssey iliuzwa katika maduka ya mawakala wa Magnavox tu. Watu wengi wakadhani kwamba haifanyi kazi ila kwa televisheni za Magnavox, na dhana hiyo haikuwa kweli, maana televisheni yoyote ingefaa. Mauzo yake yote, hata ilipoachwa mwaka 1975, yalikuwa kiasi cha mashine 350,000 katika dunia ambayo tayari ilikuwa na mamilioni ya televisheni. Je, uchache huu ulikuwa hekima ya wazee? Ulikuwa adabu? Hasha. Ulikuwa hesabu ya duka. Na miaka kumi na mitatu baadaye kampuni ya Nintendo, ilipoanza kuipeleka mashine yake ya NES Marekani Oktoba 1985, iliuza New York kwanza kabla ya kuthubutu kwingine. Nayo haikufanya hivyo ili kulinda masomo ya watoto wa Chicago. Ilikuwa inaogopa hasara, kwa sababu biashara ya michezo hiyo ilikuwa imeanguka vibaya mwaka 1983.

Hayo ni ya ng'ambo. Na sisi je? Kwetu uchache ulikuwa na baba wawili, na wa kwanza ni sheria. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu, ICT 1500, iliwekwa Hazina mwaka 1965. Na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Sitaki kuwadhihaki waliotoa amri hiyo. Nchi ilikuwa imepigwa na ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafula, fedha za kigeni zilikuwa haba. Na mtu anayetafuta mahindi ya kulisha watu hawezi kulaumiwa akikataa kununua vioo vya picha. Tena amri ile ilikuwa na sifa moja ambayo amri zinazotakiwa leo hazina: ilikusudiwa kumnyima kila mtu sawasawa. Unguja, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kujipatia televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970; Bara tukangoja hadi 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo.

Baba wa pili ni mfuko. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa bila kuulizwa fedha hizo alizipataje. Ruhusa hiyo ilijaza tena maduka yaliyokuwa matupu, na mimi siilaani. Lakini iangalie vizuri: nani alikuwa na fedha za kigeni mwaka ule? Si mkulima wa mihogo wa Maneromango. Si mchoma mkaa wa Mzenga. Ni mfanyabiashara, ni baharia, ni afisa aliyesafiri, ni mwenye ndugu Maskati au London. Hao ndio waliotangulia kuwa na televisheni na mashine za kuonyeshea kanda. Hao ndio ambao watoto wao walikuwa wa kwanza kushika gemu. Basi mtu asituambie kwamba zilipokuwa chache palikuwa na nidhamu. Palikuwa na jamaa wa ng'ambo.

Nilikuwa mtoto Kisarawe katika miaka hiyo ya 1990, na mashine ya kwanza niliyoiona ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, imeletwa na mjomba wa wale watoto kutoka Maskati. Baadaye nilifahamu kwamba haikuwa halali yake: ilikuwa mwigo wa ile Famicom ambayo Nintendo iliitoa Japani Julai 1983, mwigo uliotengenezwa Mashariki ya Mbali na kusambazwa katika nchi maskini ambazo kampuni yenyewe haikujishughulisha kuziuzia. Kaseti yake iliandikwa kwamba ina michezo 999. Tulipoihesabu ilikuwa michezo isiyotimia ishirini, inayojirudia kwa majina mengine. (Huo ulikuwa utangulizi wangu katika elimu ya matangazo ya biashara, na sikuhitaji mwingine.) Sisi wengine tulisimama dirishani. Aliyetaka kuingia alifanya kazi: mmoja alifagia uwanja, mmoja alitumwa dukani, na mimi nilichota maji, madumu mawili kwa zamu moja, nikapewa padi kwa muda uliokwisha kabla sijajua kitufe kipi cha kurukia. Mama mwenye nyumba alikuwa mwema, wala simsemi kwa ubaya. Alipochoka nasi aliifunika mashine kwa kitambaa chake alichokifuma, na baraza likavunjika.

Nayaeleza haya si kwa kulilia utoto. Nayaeleza kwa kuwa hao ndio watoto waliosifiwa kwa kuchota maji na kutii. Naam, tulichota! Lakini maji yale hayakwenda kwa mama zetu.

Mtu aliyekua miongoni mwa Wazaramo hawezi kuona jambo hili ila ni kioja. Wazee wetu walikuwa na mchezo wenye akili kuliko nyingi za gemu ninazozijua, nao ni bao la kete, mashimo 32 na kete 64. Bao zuri la mninga lilikuwa mali ya mtu, lakini aliyekosa bao hakukosa mchezo: alichimba mashimo chini ya mwembe, akaokota komwe, akacheza. Hapakuwa na wakala wa bao, wala dirisha la kuchungulia bao. Watazamaji walikuwako, tena wenye kelele kuliko wachezaji, lakini kila mtazamaji alijua kwamba zamu yake itafika bila kumfagilia mtu uwanja. Gemu ndiyo mchezo wa kwanza ulioingia Kisarawe ukiwa na mlango, na mlango una mwenyewe.

Ni nani basi aliyeufungua mlango huo? Hakuwa mwalimu, hakuwa diwani, wala hakuwa yeyote katika sisi waandishi wa insha. Alikuwa kijana mmoja mwenye mashine ya mkono wa pili, televisheni iliyochakaa, benchi la mbao na mabati sita. Aliweka bei ya mchezo mmoja ambayo mtoto wa muuza maandazi aliweza kuimudu, akaandika sheria zake ukutani kwa mkaa, na kwa kitendo hicho akaondoa udhalili wa dirishani ambao sisi wengine tuliubeba. Sisemi alifanya sadaka, alitafuta riziki. Walakini riziki yake iligawa kitu ambacho ukarimu wa wenye nyumba haukukigawa kwa miaka mingi.

Watajibu kwamba vibanda vimejaa watoro. Hapa nawapa haki yao, maana nimewaona kwa macho yangu, saa nne asubuhi, sare za shule zimefichwa ndani ya mifuko. Lakini utoro una dawa yake, nayo ni saa. Kibanda kifungwe wakati wa masomo, na mwenye kibanda atakayempokea mwanafunzi saa hizo atozwe faini. Kufunga kabisa kwa sababu ya saa sita ni kumkata mtu mguu kwa sababu ya mwiba.

Watajibu tena kwamba vibanda ni kamari. Hapo siwapi haki hata kidogo, kwa kuwa wanachanganya vitu viwili kwa makusudi. Zile mashine za kutumbukiza sarafu, ambazo humla mtoto fedha zake na kumrudishia mlio, hizo ni kamari. Zina sheria yake ya mwaka 2003, zina bodi yake, na mtu aliye chini ya miaka 18 hana ruhusa kuzigusa. Zikionekana ndani ya kibanda cha watoto ziondolewe siku hiyo hiyo, nami nitasaidia kuzibeba. Gemu haimlipi mtu kitu. Mtoto hulipa ili acheze, na akishinda hapati ila sifa, kama alivyopata babu yake katika bao. Ajabu ni kwamba amri zinazopendekezwa barazani huanza na vibanda vya gemu, ambavyo wenyewe hawana mtu wa kuwatetea, na mashine za kamari huachwa zilie mpaka usiku.

Lakini nina hoja nzito kuliko hizo, nayo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Kibaha si mahali padogo katika historia ya elimu ya nchi hii. Kituo chake cha elimu kilianzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordic, kikakabidhiwa kwetu mwaka 1970. Kilikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja, kwa imani kwamba mikono na akili havitenganishwi. Shule ile mpaka leo huchukua wavulana waliochaguliwa kutoka nchi nzima. Wateule hao wana maabara. Je, mvulana wa Kwa Mathias ambaye hakuchaguliwa, na msichana ambaye asingeweza kuchaguliwa huko, wataigusa wapi mashine ya umeme, waifungue, waone ndani yake mna nini?

Nitakuambia wapi. Nyuma ya kibanda, penye meza ya fundi, kuna mashine imelala wazi, padi imefumuliwa waya, na mtoto wa miaka kumi na mitatu ameshika kifaa cha kulehemu ambacho hakuna shule iliyompa. Ni wachache, najua. Wengi hucheza tu na kwenda zao. Lakini Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1940, alianza vivyo hivyo kwa kutengeneza televisheni za watu akiwa kijana. Na ndiye aliyeongoza kazi ya kuunda Channel F ya kampuni ya Fairchild, iliyotoka mwaka 1976, mashine ya kwanza iliyobadilishiwa michezo kwa kaseti zenye programu ndani yake. Kila kaseti tuliyoipuliza vumbi Kisarawe ilikuwa na asili yake katika kazi hiyo. Mwaka ule, sisi Bara tulikuwa tungali tumekatazwa hata kioo cha kuitazamia. Sisemi amri ya 1974 ilituua akina Lawson. Nasema kwamba mtoto hatengenezi asichokigusa, na kwamba tumekwisha kulipa mara moja gharama ya kukataza.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Kibaha na wa Kisarawe, ikiwa hoja hii italetwa mbele yao, waamue saa za kufungua, waondoe kamari, wadai mlango mpana na dirisha la hewa, maana vingi katika vibanda hivi ni tanuri. Kisha wawaache watu wafanye kazi yao. Na kabla ya kupiga kura, kila mmoja amwulize mwenye kuleta hoja swali moja tu: kwako ipo?

Nilimwuliza swali hilo yule msomi wa shahada mbili. Akacheka, akasema ipo, chumbani kwa mwanawe, aliinunua Dubai. Ila mlango hufungwa, watoto wa mtaani wasije wakaharibu zulia.