MAPATANO NA ULAYA: FUNGU LA MFANYA KAZI LIKO WAPI?



Wengi wenu mmeuliza: Mapatano ya Biashara baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya yatuhusu nini sisi watu wa reli? Maua hayapandi gari moshi, huenda kwa ndege. Swali ni la haki.

Mapatano hayo yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, mbele ya Rais William Ruto na Bi. Ursula von der Leyen wa Ulaya, yakaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Mali ya Kenya, isipokuwa silaha, huingia bila ushuru katika nchi 27. Nasi tutaondoa ushuru wa mali nyingi za Ulaya polepole, kwa muda wa hata miaka 25. Mali hiyo ikishuka Mombasa, ni sisi tutakaoivuta; na ikifunga kiwanda cha wenzetu, tutakuwa tumeivuta vile vile.

Mbona Kenya peke yake? Mwaka 1969, kule Arusha, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi pamoja na Soko la Pamoja la Ulaya, wakati reli nayo ilikuwa moja. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, na wazee wetu wa reli wajua mabehewa na watu waligawanywaje. Jumuiya ya sasa ilimaliza majadiliano mwaka 2014, lakini si wote waliotia sahihi. Jirani zetu hawakuwa na haraka, maana Ulaya yawahesabu katika nchi maskini kabisa, na mali yao huingia bure hata bila mapatano. Kenya haimo katika hesabu hiyo. Ndiyo sababu maua yetu yalitozwa ushuru tangu Oktoba mpaka Desemba 2014.

Basi kila aliyeyatetea Mapatano alimtaja kibarua wa maua wa Naivasha. Alimtaja kama mbuzi wa mahari atajwavyo, asiulizwe. Ushuru usipolipwa, pesa zile hubaki mkononi mwa mtu, na si lazima awe yule mama akataye mawaridi. Ushuru uliosamehewa hauwi nyongeza ya mshahara mpaka chama kikae mezani na tajiri.

Lakini iko sura moja ndani ya Mapatano ambayo haikupigiwa ngoma. Pande zote mbili zimeahidi kuzitii haki za msingi za Shirika la Kazi la Dunia, na kujitahidi kuithibitisha mikataba yake ya msingi iliyobaki. Mkataba wa 98, wa haki ya kupatana na matajiri, Kenya iliuthibitisha mwaka 1964. Mkataba wa 87 wa mwaka 1948, wa uhuru wa kuunda vyama, ulikuwa haujathibitishwa siku Mapatano yalipoanza kazi. Tutaambiwa kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki hiyo. Ni kweli. Basi kama haki tunayo, kuna uzito gani kuiandikia Geneva?

Makatibu wa matawi waisome sura hiyo mikutanoni mwezi huu. Tawi lililo karibu na shamba au kiwanda kiuzacho Ulaya, nacho huwazuia watu kujiandikisha chamani, lituletee habari kwa maandishi. Majina ya wafanya kazi yasiandikwe. Karatasi hii hata matajiri huisoma.