Jengo Kongwe Ni Mtaji, Ila Kwanza Liimarishwe

Thamani ya viwanja katikati ya Jiji la Mwanza inapopanda, jengo la zamani huonekana mzigo. Mwenye mali hupiga hesabu ya haraka: abomoe, apandishe ghorofa, apangishe. Kwa mtazamo wetu hesabu hiyo ina kasoro, kwani inapima ardhi na kusahau mtaji uliokwishajengwa juu yake.

Sheria haitamzuia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kwa umri wake jengo lililosimama kabla ya mwaka 1863. Wajerumani walianzisha mji wa Mwanza mwaka 1892, na reli ilifika mwaka 1928. Mbele ya sheria hiyo majengo ya mji huu bado ni machanga. Hayapati ulinzi mpaka Serikali iyatangaze rasmi. Uamuzi unabaki kwa mwenye nyumba.

Kwamba jengo kongwe laweza kufanya biashara, Zanzibar imeonyesha: jengo la zamani la mawasiliano huko Shangani lilifunguliwa kuwa hoteli ya Serena mwaka 1997. Zanzibar hiyo hiyo imetoa onyo. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati na kuua watu wawili.

Kanda ya Ziwa nayo inakumbuka tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lililoua watu wasiopungua 17. Ardhi ikitikisika, kuta zisizofungwa pamoja ndizo huachana mapema.

Kwa hiyo rangi ije mwisho. Fedha ya kwanza imlipe mhandisi akague msingi, kuta na mbao za paa. Kisha kuta zifungwe kwa mkanda wa zege au vyuma. Ukuta wa chokaa upigwe plasta ya chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ndani. Matangi ya maji yasipandishwe juu kabla ya hapo.

Halmashauri ya Jiji nayo impunguzie ada ya kibali mmiliki anayeimarisha badala ya kubomoa.

Na mwenye mali, kabla ya kutia saini mkataba wa kubomoa, aombe makadirio mawili: ya kujenga upya na ya kuimarisha. Katika yale ya kwanza aongeze kodi ya pango atakayoikosa mpaka ghorofa likamilike. Hapo ndipo alinganishe.