JINA LISITANGULIE MUHURI



Sisi watu wa Nabuyoga, pamoja na wenzetu wa Tororo na wa Busia zote mbili, tunaijua kazi ya cheti. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu, malori yalikwama mpakani. Siku chache baadaye njia ilifunguliwa kwa masharti: kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Kwa macho mahindi yalikuwa yale yale. Aliyeyapima ndiye aliyekuwa na neno.

Sasa jambo hilo limeingia katika ujira wetu. Zamani mizani ilikuwa chuma na mawe, na kila mtu aliona mkono wake ukipanda na kushuka. Siku hizi ni kompyuta. Programu ndiyo inayosoma uzito, inatoa uzito wa trela, kisha inaandika tani za mkata miwa.

Katika kiwanda kimoja tulikoitwa na wanachama tulikuta programu mpya. Ilikuwa programu huria, yaani ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi na fundi yeyote anaruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha. Kwa hilo hatuna ugomvi. Afadhali mashine inayofunguka kuliko iliyofungwa kwa kufuli la tajiri. Ugomvi wetu ulikuwa jina. Kwenye kioo paliandikwa: "Toleo 1.0, limeidhinishwa."

Tukauliza, limeidhinishwa na nani? Karani akamtazama meneja. Meneja akasema maombi yamekwisha kupelekwa, mkaguzi wa mizani atakuja. Wakati huo watu walikuwa wamelipwa wiki tatu kwa hesabu za mashine hiyo, na trela moja iliyopimwa asubuhi na kurudiwa adhuhuri, bila kuguswa, ilitoa uzito tofauti. Mkata miwa aliyelalamika aliambiwa: "Mashine imeidhinishwa, wewe nani?" Huo ndio ubaya wa jina la uongo. Linamfunga mnyonge mdomo kabla hajasema.

Watengenezaji wa programu huria wenyewe wana adabu katika jambo hili. Shirika la Apache la Marekani lilianza mwaka 2003 kutengeneza programu iitwayo Geronimo. Ili kudai kwamba inafuata kanuni za J2EE, ilibidi kwanza ishinde mtihani wa kampuni ya Sun Microsystems. Je, waliificha kazi yao mpaka mtihani uishe? Hapana. Waliitoa hadharani kidogo kidogo, wakaiita M1, M2 na kuendelea, yaani kituo cha kwanza, kituo cha pili, ili kila mtu ajue kwamba safari haijaisha. Jina la 1.0 lilitoka Januari 2006, mtihani ukiwa umekwisha kushindwa.

Waajiri watasema ukaguzi una gharama na foleni, na programu isiyotumika haikomai. Ni kweli, hatukatai. Lakini jaribio liitwe jaribio, na hasara yake iwe ya mwenye kujaribu, si ya mwenye panga. Wala uwazi si muhuri. Kuruhusiwa kusoma hakuonyeshi kwamba kuna mtu aliyesoma.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, programu yoyote ya mizani ambayo haijakaguliwa iandikwe "Majaribio" kwa maandishi makubwa, kwenye kioo na kwenye karatasi anayopewa mfanyakazi. Pili, wakati wa majaribio mizani ya zamani yenye muhuri itumike sambamba, na mtu alipwe kwa hesabu iliyo kubwa. Tatu, mkaguzi akija, mwakilishi wa wafanyakazi awepo, naye aonyeshwe muhuri kwa macho yake.

Ndugu, ukiona neno "limeidhinishwa", usiogope kuuliza: na nani, lini, na muhuri uko wapi? Pale kiwandani tuliuliza watu arobaini kwa sauti moja, na kesho yake maandishi yalibadilishwa. Sasa kioo kinasema "Majaribio".

Fedha za zile wiki tatu bado tunazidai.