Pasta, Umekisoma?

Neno la leo ni refu kidogo, kwa hivyo kama uko kwenye matatu, subiri ufike nyumbani.

Mwezi wa nane shule zilipofungwa, mama mmoja wa kanisa letu alinijia baada ya ibada akiwa amekumbatia mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na kitabu alichokipata kwenye sanduku la bintiye, ambaye yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Kitabu kimepita mikono mingi, jalada limeshikiliwa na gundi, na juu yake kuna picha ya msichana na dubu mkubwa mweupe. Mama akaniambia, "Pasta, nimesoma hapo nyuma. Ni mambo ya wachawi na dunia zingine. Tukiombee, halafu tukichome."

Kitabu hicho nilikijua. Ama nilidhani nakijua. Ni Northern Lights cha Mwingereza Philip Pullman, kilichotoka mwaka 1995, ambacho Wamarekani wanakiita The Golden Compass. Vimefuata vingine viwili, The Subtle Knife cha 1997 na The Amber Spyglass cha 2000. Filamu yake ilipotoka mwaka 2007 nilikuwa kijana wa chuo cha Biblia, na ikatuzungukia barua pepe kutoka Marekani ikionya kwamba hiki ni kisa cha watoto wanaomuua Mungu. Sikuuliza swali hata moja. Niliichapisha ile barua, nikaenda nayo kwa ibada ya vijana, nikapiga mimbari. Watu wakasema amina.

Sasa yule binti alikuwa amesimama nyuma ya mamake, ameinamisha kichwa. Nikamuuliza kama anajua kilichoandikwa humo ndani. Akasema, "Ndiyo, Pasta." Kisha kwa sauti ya chini, na kwa heshima zote: "Na wewe Pasta, umekisoma?"

Mamake akamvuta mkono. Nikamwambia, mwache. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu yule anayejibu kabla ya kusikia, na mstari huo mimi mwenyewe nimewafundisha watoto hawa Sunday school. Nikachukua kitabu nikaenda nacho nyumbani.

Nimekisoma. Nikamuomba binti aniazimie na hivyo vingine viwili kutoka kwa rafiki yake, navyo nimevimaliza. Mama mchungaji aliniona na miwani usiku wa manane akadhani natayarisha semina.

Nitasema niliyoyaona, kwa sababu wengi wanaokipinga kitabu hiki hawajakifungua, na wengi wanaokisifu hawataki kusikia tatizo lolote.

Kwanza huo uchawi. Katika dunia ya Lyra, msichana wa kitabu hiki, roho ya mtu hukaa nje ya mwili, kwa umbo la mnyama anayeongea na kutembea naye kila mahali. Ya mtoto hubadilika badilika, leo paka, kesho ndege, mpaka anapobalehe ndipo inatulia kwa umbo moja. Mwandishi anamwita mnyama huyo dæmon, na jina hilo kwa Kiingereza linatamkwa sawasawa na pepo. Hapo ndipo wengi wetu tunafunga kitabu. Hata mimi nilishtuka, kwa sababu huku kwetu mtu akikwambia ana mnyama asiyeachana naye, hungoji sentensi ya pili, unaanza kukemea. Lakini neno hilo ni la Kigiriki cha zamani, na Wagiriki walilitumia kwa roho za kila aina kabla halijabaki kwa pepo wachafu peke yake. Kwa Pullman ni nafsi ya mtu. Ukitafuta humo dawa au maneno ya kumwendea jirani, hutayapata.

Kile nisichoweza kupita kimya ni chombo anachobeba Lyra, kama saa ya mfukoni, chenye picha 36 na mishale. Anakiuliza mambo ya siri, nacho kinajibu kweli. Hiyo, wapendwa, kwa Kiswahili inaitwa kupiga ramli. Kumbukumbu la Torati 18 haijabadilika. Nilimwambia binti hivyo, naye akaniuliza mbona Biblia ina kisa cha Sauli na mwanamke wa Endori. Nikamjibu kwamba Biblia inakisimulia na kukihukumu, lakini Pullman anampa shujaa wake ramli mkononi na kutufurahisha nayo. Akafikiri, akasema, "Hiyo ni kweli." Ona, mtoto hakuwa anapigana na mimi. Alitaka tu nijue ninachokizungumzia.

Halafu kuna mambo yenyewe, mazito kuliko ramli. Katika dunia ya Lyra kanisa ndilo linalotawala kila kitu. (Pullman amemfanya John Calvin kuwa Papa! Aliyesoma historia ya kanisa hapo atacheka hata kama hataki.) Watu wa kanisa hilo wanaamini dhambi humshukia mtoto anapobalehe, kwa hivyo wanaiba watoto wa maskini, wanawapeleka mbali kaskazini kwenye barafu, na huko wanawakata watoto na nafsi zao ili dhambi isiwapate. Kuna kijana mdogo aliyekatwa hivyo, Lyra anamkuta katika kibanda, amekumbatia samaki mkavu kifuani mahali ambapo nafsi yake ingekuwa. Anauliza tu iko wapi. Hafiki asubuhi mbili.

Nilifunga kitabu hapo nikakaa.

Kama ningekisoma mwaka 2007, ningesema huyu Mzungu ana chuki na kanisa, ameleta uongo. Na kweli, ana chuki. Lakini mimi nimekisoma baada ya Shakahola. Tangu Aprili 2023 tumeona katika msitu ule wa Kilifi miili zaidi ya 400 ikitolewa ardhini, wengi wakiwa watoto, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndipo wakamwone Yesu. Jina la Yesu ndilo lililotumiwa. Nani kati yetu mapasta ataniambia leo kwamba hakuna dini inayoweza kumkata mtoto na uhai wake na kuita hiyo wokovu? Bwana wetu katika Mathayo 18 alishasema habari ya jiwe la kusagia shingoni, na alikuwa anazungumza na wanafunzi wake mwenyewe, si watu wa nje.

Kwa hivyo ndugu zangu mnaosema kitabu kinatukana kanisa, mimi nasema kinatukana kanisa la aina fulani, na hilo hata Yesu alilikemea. Katoliki fulani wa Marekani walitaka filamu isusiwe wakisema itawavuta watoto kununua vitabu. Lakini Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alifanya jambo lingine kabisa. Mwaka 2004, wakati kisa hicho kilikuwa kinachezwa jukwaani London, aliketi na Pullman hapo hapo kwenye ukumbi wa maonyesho wakahojiana mbele ya watu. Mimi si wa Canterbury, na yako mengi ya askofu huyo siyapokei. Ila hapo alitembea njia ya Paulo kule Athene, ambaye alikuwa amewasoma washairi wa wapagani kiasi cha kuwarudishia maneno yao wenyewe.

Mtu ataniambia habari za Efeso, Matendo 19, vitabu vya uchawi vilivyochomwa vya thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha. Amina, lakini soma pole pole. Vilichomwa na wenyewe, watu waliokuwa wakiufanya uchawi huo na wakaokoka. Paulo hakuenda kufungua masanduku ya watoto wa shule.

Sasa niwageukie mashabiki, maana vijana wetu wengine wanasema kitabu hiki kimewafungua macho. Hadithi ya kwanza ni tamu, sikatai, na yule dubu Iorek ni kiumbe wa kupendeza sana. Lakini kufika kitabu cha tatu mwandishi anaacha kusimulia anaanza kuhubiri. Najua mahubiri nikiyaona. Anamleta mtawa aliyeacha imani, na mama huyo anapewa nafasi ya kueleza kwa nini Ukristo ni kosa, na hakuna hata mhusika mmoja mwenye akili anayesimama kumjibu. Hayo si mazungumzo. Mtu akifanya hivyo kanisani mnasema pasta anatumia mimbari vibaya. Na kitabu hicho ndicho kilichopewa tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka 2001, heshima ambayo haikuwa imewahi kuendea kitabu cha watoto.

Na huyo mungu wanayesema anauawa? Ni mzee dhaifu ndani ya sanduku la kioo. Watoto wanamfungulia kwa kumhurumia, naye anayeyuka kwa upepo. Lakini kitabu chenyewe kinasema huyo hakuumba chochote. Ni malaika wa kwanza aliyewadanganya wenzake kwamba yeye ndiye muumba. Barua pepe yetu ya 2007 haikutwambia hilo. Mungu kama huyo hata mimi simwamini. Pullman amejenga sanamu akaibomoa, na jasho limemtoka, lakini hajamgusa yule aliyezaliwa horini. Nilitafuta kurasa zote za vitabu vitatu nione atafanya nini na msalaba. Anaupita kando.

Kuna jambo moja zuri ambalo sidhani alilikusudia. Mwishoni Lyra anapoteza uwezo wa kusoma kile chombo chake, na malaika anamweleza kwamba mwanzoni alikisoma kwa neema, na sasa itabidi akisomee miaka mingi. Neema! Mtu asiyeamini alitafuta neno la kitu ambacho mtoto hupewa bure bila kustahili, akakosa lingine isipokuwa letu.

Lakini sikuandika haya kwa sababu ya Pullman. Nimeandika kwa sababu ya aliyonieleza yule binti nilipomrudishia vitabu (nimeomba ruhusa kwake na kwa mamake). Nilimuuliza ni wapi hasa palipomshika. Nilidhani atasema vita, au dubu. Akasema ni pale kijana Will anapomtafuta babake dunia hadi dunia. Anampata gizani, wanatambuana, na dakika hiyo hiyo baba anapigwa mshale anakufa mbele yake. Baadaye Will na Lyra wanashuka mpaka nchi ya wafu, na huko Will anaongea na babake tena.

Mimi ndiye niliyemzika baba ya binti huyu, mwaka jana. Kaburini alipolia kwa nguvu nilimshika bega nikamwambia anyamaze, baba yuko mahali pazuri, watu wa Mungu hawaombolezi kama wasio na tumaini. Mvua ilikuwa inakuja na kulikuwa na mbunge wa kuongea. Aliniambia, bila hasira, "Pasta, siku ile sikuaga. Kwa kitabu, Will aliaga."

Niliomba msamaha. Ninaomba hapa tena mbele yenu.

Kisha nikamwambia ninachokiamini, na hapo ndipo mimi na Pullman tunaachana kabisa. Katika kitabu chake nchi ya wafu ni uwanja wa kijivu ambamo wote wamerundikwa, wema kwa wabaya. Watoto wanawakatia dirisha wakatoka, na wakishatoka wanasambaratika, wanakuwa sehemu ya umande na majani na nyota. Mwandishi anaiona hiyo kuwa furaha, na ameiandika vizuri, sitadanganya. Lakini nimesimama juu ya makaburi mengi. Mjane haniulizi kama chembe za mumewe zitafika kwenye nyasi. Ananiuliza kama atamwona. Atamjua? Atamwita kwa jina? Yesu alipomwita Lazaro alimwita Lazaro, na Mariamu asubuhi ile bustanini alijua ni Bwana pale tu alipoitwa jina lake. Nilimwambia binti, babako hajawa umande. Ana jina, na jina hilo linajulikana.

Hakuniambia amina. Aliuliza kama anaweza kufikiria kwanza. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi hii saa nane vijana tutakutana kanisani, na atakayekuja kukipinga kitabu au kukitetea awe amekisoma. Wazazi pia mnakaribishwa. Yule mama ameshaanza, bintiye anamsomea jioni wakichambua mboga, wako sura ya tisa. Anasema huyo bibi Coulter na tumbili wake wa dhahabu angewakemea mchana kweupe, lakini kitabu kisichomwe bado, anataka kujua kama yule kijana Roger atapatikana.