Mkono wa Mkulima Hauponi kwa Uzi Peke Yake

Mkoani Mara mkono ndio chombo cha kwanza cha kuzalisha mali. Mvuvi wa Musoma huvuta nyavu kwa mkono, mkulima wa pamba wa Bunda hupalilia kwa mkono, na mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama, hupasua mwamba kwa mkono. Mkono huo ukikatwa na panga au ukisagwa na mashine, kinachosimama ni chakula cha kaya nzima.

Tumezoea kupima huduma za afya kwa majengo, na majengo ni haki ya wananchi. Lakini jeraha la mkono lina tabia yake. Daktari hufanya kazi ya saa chache. Mgonjwa hufanya kazi ya miezi mitatu, nyumbani, bila msimamizi.

Tutazame kano iliyokatika. Ngozi iliyoshonwa hufunga kwa siku 10 hadi 14, nyuzi zikatolewa, mwenye mkono akajiona amepona. Kumbe kano iliyo chini ya ngozi ingali dhaifu, nayo huhitaji wiki 12 hivi kabla ya kustahimili kazi nzito. Anayeshika jembe au kasia katika wiki ya tatu huweza kuikata upya. Mwenzake, kwa woga, huufunga mkono miezi miwili bila kuusogeza hata kidogo, kano zikagandamana na vidole vikakakamaa. Makosa haya mawili ni kinyume, ila chanzo chake ni kimoja: hawakuelezwa wakaelewa.

Nasema "wakaelewa" kwa makusudi. Mtu huambiwa "fanya mazoezi", akadhani mazoezi ni kurudi shambani. Hupewa bahasha ya vidonge iliyoandikwa "1x3", kana kwamba ni fumbo la hesabu, pamoja na cheti kilichojaa Kiingereza. Mzee aliyekulia katika Kizanaki, Kijita au Kiikizu huitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu, nasi tukaihesabu adabu hiyo kuwa ufahamu. Hiyo ni kasumba ya ukoloni, na si haki kumtwisha mgonjwa lawama zake.

Hasara yake inajulikana. Taarifa za madaktari wa Dar es Salaam za miaka ya 1998 hadi 2002 zilieleza habari za wagonjwa wa kisukari walioharibikiwa mikono. Mara nyingi chanzo kilikuwa mkwaruzo tu, au kuumwa na mdudu. Wengi walichelewa kufika hospitali. Wapo waliokatwa vidole au mkono, na wapo waliofariki.

Watakuwapo wa kusema kwamba wananchi hawaelimiki. Historia inawakanusha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na vyoo vikachimbwa vijijini. Mwaka uliofuata, hapo Musoma penyewe, TANU ikaazimia kuharakisha elimu ya msingi kwa wote.

Mganga, basi, asimruhusu mgonjwa kuondoka kabla hajarudia kwa maneno yake mwenyewe: banzi livaliwe hadi lini, kidole kikunjwe vipi na mara ngapi, na dalili zipi zimrudishe siku hiyohiyo, kama vile usaha, uvimbe unaopanda, au vidole kufa ganzi na kubadilika rangi. Tutaambiwa foleni ni ndefu. Kano iliyokatika mara ya pili itarudi katika foleni ileile, tena ikidai upasuaji mgumu zaidi.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mtoto wa darasa la sita anaweza kujua kwamba kidole kilichokatika hufungwa katika kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa katika mfuko usiopitisha maji, na mfuko ukawekwa juu ya barafu, ileile inayohifadhi sangara mwaloni, bila kidole chenyewe kuigusa.

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zina uwezo wa kuchapisha karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye picha, ya kumpa kila anayetoka wodini na mkono uliofungwa. Ichapishwe kabla ya msimu ujao wa palizi.