Risala ya mafundi wa kompyuta wa Kibumba kuhusu kuunda programu kutoka msimbo chanzo

Kwenu mnaoandika na kutunza programu huru, popote mlipo. Kwenu mashirika mnaotuletea kompyuta zilizokwisha kutumika. Kwenu wakuu wa kampuni za mtandao mlioko Goma. Na kwenu walimu wetu wa vyuo vya mji huo.

Sisi ni mafundi wa kompyuta na wenye sekretaria, yaani vibanda vya kuchapa hati, wa Kibumba, usultani wa Bukumu, wilaya ya Nyiragongo, kando ya barabara ya taifa namba 2 inayopanda kutoka Goma kwenda Rutshuru. Walio mbali wanaijua Kibumba kwa kambi ya wakimbizi ya 1994 na kwa vita vilivyoturudia mwaka 2022. Mama wa Goma wanaijua kwa kabichi, viazi na karoti. Kwamba kwenye baridi hii, kati ya Nyiragongo na Mikeno, kuna watu wanaokaa mbele ya terminali wakiunda programu kwa amri, faili baada ya faili, pengine hakuna aliyewaambia. Ndiyo maana tumeandika.

Msidhani tunafanya hivyo kwa kupenda ufundi, ingawa wapo kati yetu wanaoupenda. Tunafanya kwa sababu mashine tulizo nazo hazina njia nyingine. Kompyuta inakuja na msaada, imezeeka, Wi-Fi yake imekufa. Tunanunua kile kiantena kidogo cha USB kule Birere. Chipu yake haina dereva ndani ya mfumo. Dereva yupo kama msimbo tu, na lazima aundwe hapohapo, kwa kernel ileile inayoendesha mashine. Ili kumuunda unahitaji gcc, make na faili za vichwa za kernel. Ili kuvipata hivyo unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo iliyokosa dereva. Kila fundi wa hapa ameshazunguka kwenye mduara huo. Anayetoka ni yule mwenye flashi iliyojazwa Goma na mtu aliyejua mapema nini kitakosekana.

Kisha kuna mashine za biti 32. Mfumo wa Debian 13, uliotoka tarehe 9 Agosti 2025, hauna tena kernel wala programu ya kusakinishia kwa mashine za i386. Tunaelewa sababu: watunzaji ni wachache, na kazi ni nyingi. Lakini tunaomba muelewe pia kwamba kompyuta inayoitwa mfu huko kwenu, huku ndiyo inayoandika hati za kuzaliwa na barua za shule. Mnapoacha kutuundia vifurushi, kazi ya kuviunda inahamia kwetu, kwenye mashine yenye gigabaiti 1 ya RAM. Tunaipokea. Malalamiko yetu ni kwamba vyombo mnavyotuachia kwa kazi hiyo vimeundwa kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki na mtandao wake haulali.

Tuanze na mtandao. Amri ya git clone ikikatika katikati, haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Hili linajulikana miaka yote. Mtu mwenye waya wa nyuzi nyumbani hawezi kuliona hata akilitafuta. Sisi tunanunua mega za siku, na siku ikiisha mega zinaisha nazo, zimetumika au hazikutumika. Mnara ukizimika mradi umebakiza kidogo kufika, zile mega zimekwenda na hakuna faili hata moja mkononi. Amri ya wget -c, ambayo ni ya zamani na haina mbwembwe, inaendelea pale ilipokatika. Kwa hiyo kila mradi unaotoa msimbo wake kwa git peke yake, bila furushi la tar la kupakua kwa kawaida, umetufungia mlango, hata kama kwenye ukurasa wake umeandika kwamba uko wazi kwa wote.

Baya zaidi ni vyombo vinavyoanza kuunda halafu vikatoka nje kutafuta vitu. Unapakua msimbo, unatoa amri, unaona maandishi yanapanda vizuri, kumbe katikati cargo, npm au pip inaita mtandao kuleta maktaba nyingine, na hiyo nayo inaita nyingine. Hakuna aliyekuambia mwanzoni ni ngapi wala zina uzito gani. Hapa tunawasifu Debian kwa dhati, maana kanuni zao zinakataza kifurushi kugusa mtandao wakati kinaundwa. Ukishapata msimbo kwa apt source na vyote vinavyohitajika, unaweza kuchomoa kila kitu na kazi ikaendelea.

Mtatuambia haya ni madogo mbele ya shida za Kibumba. Tunawakumbusha mambo ya mlima wetu. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Aprili 2021, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilibaki bila fedha za kulipia intaneti ya vipima mitetemo, baada ya ufadhili uliokuwa ukikibeba kumalizika. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila watu kuonywa; lava ikafika Buhene na kuikata barabara yetu hii ya namba 2. Hatusemi intaneti ingeuzuia mlima. Tunasema kwamba hapa chombo kisichoweza kufanya kazi bila muunganisho ni chombo ambacho siku moja kitakosekana.

Sasa umeme, na hapa mtuvumilie, maana hakuna anayetuuliza. Mtambo wa umeme wa Matebe, Rutshuru, umekuwa ukilisha Goma, na waya wake umekatwa na mapigano zaidi ya mara moja. Sisi tunategemea sola, na ukungu wa Kibumba hauna huruma na sola. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, kompaila inakuwa imeandika nusu ya faili la .o. Faili hilo ni bovu, lakini saa yake ni mpya kuliko ya chanzo. Na make, chombo alichokiandika Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, kinaamua kwa kulinganisha saa tu: kilicho kipya kuliko chanzo chake hakiguswi. Ukiwasha tena, make inaliruka lile bovu, inaendelea na mengine yote, na mwishoni kabisa, wakati wa kuunganisha, unaambiwa kuna faili lisilotambulika. Kijana asiyejua anafuta vyote na kuanza upya. Anayejua anatafuta faili zenye baiti sifuri, na hata hizo si zote.

Tuongeze kibetri cha saa. Katika mashine kuukuu kile cha CR2032 kimekufa siku nyingi, hivyo kila ukiwasha kompyuta inaamka na tarehe ya zamani. Ukirekebisha msimbo asubuhi hiyo, make inaona msimbo ni wa kale kuliko kilichoundwa jana, na inakujibu kwamba hakuna la kufanya. Au inakuonya kwamba saa zimepishana na huenda kazi haikukamilika, kisha inaendelea kana kwamba haikusema kitu. Ukienda kwenye mtandao, apt inakataa orodha za vifurushi kwa kuwa kwa saa yake bado hazijaanza kutumika. Tumeona mashine nzima ikihukumiwa kuwa na virusi kwa sababu ya kibetri hicho, ambacho bei yake ni ndogo.

Kuhusu RAM tutasema kwa ufupi. Chombo cha kuundia kiitwacho Ninja kikiachwa chenyewe kinagawa kazi kwa kuhesabu viini vya prosesa, bila kuuliza kumbukumbu inatosha. Kumbukumbu ikiisha, kernel inaua kompaila, na neno tunaloliona kwenye skrini ni Killed. Maelezo yenu ya kuunda yangeweza kuwa na mstari mmoja tu: kazi hii inakula RAM kiasi gani, na diski kiasi gani. Kuandika mstari huo hakuhitaji mfadhili.

Madai yetu basi. Ninyi mnaoandika programu, kila toleo litoke na furushi moja la tar lenye kila kitu, maktaba zote zikiwamo ndani, linaloweza kupakuliwa kwa vipande na kuundwa bila mtandao. Tunakumbuka yaliyofichuliwa na Andres Freund tarehe 29 Machi 2024: mtego wa siri katika programu ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ulikamilika ndani ya furushi la tar, kwa kipande ambacho hakikuwamo kwenye hazina ya git. Tukio hilo lisiwe sababu ya kutunyima mafurushi. Liwe sababu ya kuyatengeneza kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia na kupata kitu kilekile, na ya kutangaza alama ya SHA-256 ya kila moja. Alama hiyo ni herufi na tarakimu 64. Mwenzetu aliye Goma anatutumia kwa SMS moja na nafasi inabaki. Na ninyi wa vyombo vya kuundia, andikeni matokeo kwenye faili la muda, mlipe jina lake la kweli likiisha kukamilika. Hapo umeme ukikatika tutapoteza faili moja, si siku nzima.

Mashirika mnaogawa kompyuta: kila shehena ije na diski ya msimbo chanzo wa vyote vilivyosakinishwa, pamoja na vifaa vya kuviundia. Hatuombi fadhila. Leseni ya GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, inamtaka anayegawa programu aiambatanishe na msimbo wake, au na ahadi ya maandishi ya kuutoa kwa gharama isiyozidi ile ya kuufikisha. Bado hatujaona karatasi ya ahadi hiyo ndani ya boksi. Tunaona vibandiko vya wafadhili. Mkiongeza na vibetri vya CR2032 tutashukuru sana.

Kampuni za mtandao: Goma ina GOMIX, sehemu ya kubadilishana data, kama KINIX ya Kinshasa na LUBIX ya Lubumbashi. Wekeni hapo ghala la vifurushi na misimbo, na mega za kufika kwenye ghala hilo zisihesabiwe. Msituambie tukodi nafasi ng'ambo kwa kadi ya benki. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025.

Walimu wetu: mwanafunzi anayemaliza miaka yake ya informatiki bila kuwahi kuandika Makefile kwa mkono wake mnatuletea sisi tumfundishe upya, na bado anataka kuitwa injinia. Fanyeni mazoezi ya vitendo kwa mashine zilizopo, hata za biti 32. Zileteni hizo za zamani tuzitengeneze pamoja.

Majibu yenu tunayapokea kwa karatasi au kwa flashi. Mkabidhini dereva yeyote wa gari la mboga pale soko la Virunga, Goma, wakati linaporudi Kibumba tupu, kabla ya saa tisa alasiri, kwa kuwa baada ya hapo ukungu unashuka na hawakubali kubeba kitu. Mwambieni ni ya sekretaria. Diski ikiwa kubwa kupita flashi, ifungeni kwenye nailoni mara mbili.

Ni sisi, mafundi wa kompyuta na wenye sekretaria wa Kibumba.